Sura ya Sita: Sifuri Mbili

Kabla chai ya saa nne haijaletwa, Inspekta Ghati alikuwa ameuliza swali lile lile mara nyingi kiasi kwamba Sajenti Ignas, aliyeketi kando yake, aliacha kuliandika.

"Kimeibiwa nini, Mkurugenzi?"

"Vifaa vya mradi," alijibu Bwana Kalisti.

"Vifaa gani?"

"Vifaa vya daraja la kati."

"La kati ya nini na nini?"

"Kwa mujibu wa uainishaji wetu, afande, kuna vifaa vya hatari ya chini, vya hatari ya kati, na vile ambavyo hatunavyo."

Ghati aliilaza kalamu yake juu ya jalada. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Tarime, aliyehamishiwa Kahama mwaka uliotangulia. Katika kazi yake alikwisha kuhoji wezi wa ng'ombe, wauzaji wa dhahabu ya bandia na mganga mmoja aliyedai kuwa mbuzi wa jirani alimfuata kwa hiari yake. Wote hao walimdanganya, lakini walimdanganya kwa maneno yanayoeleweka. Katika ofisi hii ya Shirika la Afueni, watu hawakudanganya. Walitoa tu majibu ambayo, ukiyakamua, hayadondoshi hata tone.

"Mkurugenzi, nina mtu mahabusu," alisema polepole. "Mzee Donatus, mtunza ghala wako, yumo ndani tangu Jumanne. Leo ni Ijumaa. Jumatatu atapelekwa mahakamani, na asipodhaminiwa atapelekwa rumande Shinyanga. Hakimu ataniuliza ameiba nini. Nimwambie ameiba daraja la kati?"

"Ninaelewa uzito wa jambo hilo."

"Basi nisaidie kuupima."

Kalisti alitabasamu kwa adabu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi kwelikweli, na kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kilifungwa bandeji. Ghati alipokitazama, Kalisti alieleza bila kuulizwa kuwa alibanwa na mlango wa gari. Kisha akageuka kuelekea ukutani, kama mwalimu anayerejea ubao baada ya kukatizwa na mwanafunzi.

Ukutani palibandikwa karatasi pana ya manila. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nene: KIWANGO CHA HATARI TUNACHOKUBALI. Chini yake ilifuata mistari: *Ubunifu wa miradi: kati. Safari za barabarani: chini. Wizi na udanganyifu: sifuri. Vitu vya sumu ndani ya majengo ya Shirika: sifuri.*

"Makao makuu yameagiza kila tawi lijifafanulie," alisema Kalisti. "Bibi Shaheen ametoka Nairobi kutuongoza katika zoezi hilo. Kazi yetu haiwezi kufanyika bila hatari, afande. Tunachotakiwa kuamua ni hatari ipi tuko radhi kuibeba ili watu wasaidiwe, na ipi hatuko radhi kuibeba kabisa."

"Hata mchimbaji wa Mwakitolyo huamua hivyo kila asubuhi," alisema Ghati. "Ila yeye huamua, kisha hushuka shimoni mwenyewe. Huyo Bibi Shaheen yuko wapi?"

"Amekwenda huko huko Mwakitolyo, na gari letu. Atarudi alasiri. Alipangiwa kufika Alhamisi, lakini aliwahi, akafika Jumatatu magharibi kwa lifti kutoka Mwanza."

"Nani alitoa taarifa polisi?"

"Mimi. Wizi ukitokea, kanuni inatudai tutoe taarifa siku hiyo hiyo. Hapo hatuna uvumilivu hata kidogo."

"Bali kutaja kilichoibiwa, hapo uvumilivu mnao," alisema Ghati, akasimama. "Nionyesheni ghala."

*

Aliyewapeleka ghalani ni Salome, katibu muhtasi, dada mwembamba aliyetembea akitazama nyuma kila baada ya hatua chache. Ghati alianza na mlango, kama alivyozoea kuanza kila mahali. Kufuli lilikuwa zima. Bawaba hazikuguswa. Madirisha yalikuwa na nondo, na buibui walikuwa wamekwisha kuyaongezea nondo zao.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili, afande. Moja ya mzee Donatus, nyingine ya Mkurugenzi."

"Aha," alisema Ignas. "Kwa hiyo ni Donatus."

"Sajenti, ametaja funguo mbili. Wewe umesikia moja."

Ndani palikuwa na magunia ya unga wa lishe, vyandarua, na rundo la vyungu vya chuma vyenye mifuniko iliyochomelewa mabomba. Kwenye pembe ya mbali vumbi lilikuwa limeacha miduara miwili mitupu, kila mmoja sawa na kitako cha chupa ya chai. Ghati alichuchumaa. Katika ufa wa sakafu, pembeni mwa mduara mmoja, palikaa vitone vya rangi ya fedha. Alivisogezea ncha ya kalamu. Vikakimbia, vikagawanyika, vikakutana tena mbele kama watoto waliotoroka shule.

"Zebaki," alisema Ignas. Hakuna askari aliyefanya kazi kati ya Kahama na Geita asiyeijua. Wachimbaji huitumia kuikamata dhahabu kutoka katika mchanga, kisha huichoma ili dhahabu ibaki peke yake, na moshi wake huingia mapafuni mwa kila aliye karibu.

"Mimi sikusema," alisema Salome haraka.

"Na mimi sikukusikia. Sasa nieleze ambalo limekwisha kusemwa na sakafu."

Salome alitazama mlangoni, akashusha pumzi. Mradi, alieleza, ulianza vizuri. Mchimbaji analeta zebaki yake, anapewa chungu chenye mfuniko wa kuzuia moshi. Zebaki yote iliyopokelewa ilimiminwa katika chupa mbili za chuma, ikisubiri mahali pa kupelekwa. Mahali hapo hapakupatikana. Ndipo ikaja barua ya makao makuu, na ile karatasi ya manila.

"Mkaandika sifuri."

"Kamati iliandika. Mimi niliandika mwandiko tu."

"Chupa hizo ni nzito?"

"Ni ndogo, lakini ukijaribu kuinua moja utadhani imeshonewa sakafuni. Ni za toroli." Alisita. "Toroli nalo, afande, Jumatatu wakati wa kufunga ofisi lilikuwa humu. Jumanne asubuhi nilikuta liko uani, linapoegeshwa gari."

"Mwizi alikuja na gari," alisema Ignas.

"Pengine," alisema Ghati. "Nyumba hii ina gari ngapi?"

"Moja tu."

*

Kituoni, Scolastika, mkewe Donatus, alikuwa kaunta na bakuli lililofungwa kwa kitambaa, akibishana na askari wa zamu aliyetaka kuukoroga ugali kutafuta msumeno.

"Mwache apeleke," aliagiza Ghati.

"Shikamoo, afande," alisema Scolastika, ingawa walikuwa rika moja.

"Usiniamkie hivyo, mama. Mumeo hajasema neno?"

"Kwangu amesema anataka chumvi zaidi."

Donatus aliletwa akishikilia suruali kwa mkono, kwa kuwa mkanda wake ulitundikwa msumarini nyuma ya kaunta, kama ilivyo desturi. Alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye mvi za pembeni, mpole, na Ghati alikwisha kutambua kuwa upole huo ulikuwa mgumu kuliko kufuli la ghala.

"Mzee wangu, tumeona zebaki."

Donatus alimtazama Ignas, kisha dari. "Kama mmeiona, bhabha," alisema kwa heshima ya Kisukuma, "basi mimi sijasema."

"Hakuna mtu aliyesema. Tangu asubuhi sijakutana na mtu aliyesema. Kwa nini unanyamaza na wewe ndiye unayeoza humu?"

Mzee alijibu taratibu. "Mtoto wangu wa pili alikuwa akichoma ile kitu Mwakitolyo, kwenye karai, hivi hivi. Leo hawezi kushika kikombe, mikono inatetemeka. Ule mradi ndio umewapa wenzake vyungu. Niliambiwa, ikijulikana zebaki ilikaa ofisini, wazungu watafunga mradi. Nikaambiwa niseme vifaa. Nikasema vifaa."

"Aliyekuambia ni nani?"

Donatus akarudisha macho darini.

"Jumanne ilikuwaje?"

"Nilifungua ghala, nikaona pale pembeni patupu. Nikapiga kelele, 'Chupa hazipo!' Sikujua mgeni kashafika, yuko uani anakunywa chai. Akaja na kikombe mkononi, akauliza chupa gani. Mkurugenzi akasema vifaa vya mradi vimeibwa. Yule mama akasema, wizi ni polisi leo leo. Basi polisi wakaja. Mwenye funguo ni mimi."

Ghati alimrudisha ndani na kubaki akigonga kaunta kwa kidole. Mtu aliyeiba zebaki asingepiga kelele kuwa haipo. Angefunga ghala na kungoja mwezi upite. Hilo aliliona wazi. Lakini hakimu hatamwachia mtu kwa sababu Ghati ameliona wazi.

"Twende kwa Hozefa," alisema Ignas kwa mara ya tatu siku hiyo. "Zebaki yote ya Kahama hupita kwa sonara yule. Tukipekua, tutaikuta."

*

Hozefa alikuwa nyuma ya kioo cha duka lake, kofia yake nyeupe ya Kibohora yenye ukingo wa dhahabu imekaa sawasawa, akipuliza moto mdogo juu ya hereni. Barazani walikaa wachimbaji kadhaa waliofunikwa vumbi jekundu, wameegemea ukuta kama mizigo isiyo na mwenyewe.

"Karibu, mama Inspekta. Sajenti amekuja kunifunga tena?"

"Bado anafikiria," alisema Ghati. "Ninatafuta chupa mbili za zebaki."

"Hata hao wanaitafuta." Hozefa alielekeza kidevu barazani. "Tangu juzi wananilalia hapo. Haipo Kagongwa, haipo Segese, haipo kwangu. Mzigo kama huo ukiingia mjini, hawa ndio wa kwanza kuunusa, nao wakiondoka mimi napumua. Unaniona ninapumua?"

Ghati aliwatazama wachimbaji. Mmoja akasema kwa sauti ya kuchoka, "Afande, ukizipata utuambie."

Ignas alifunga daftari lake. Wazo alilolirudia mara tatu siku hiyo liliishia hapo, barazani.

"Lakini kuna kichekesho," aliendelea Hozefa, akiigeuza hereni. "Jumanne mchana simu ililia. Sauti ya ofisini, Kiswahili kimevaa tai. Ananiuliza: pete ya dhahabu ya rafiki yake imekuwa nyeupe ghafla, je, ikisuguliwa kwa limao itarudi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia limao ni la samaki. Dhahabu imekunywa zebaki, bwana. Dawa yake ni moto. Mvulie rafiki yako pete, niletee. Akasema rafiki yake haivui, aliapa madhabahuni haitatoka kidoleni. Nikamwambia, basi rafiki yako asiigongegonge, maana sasa imekuwa biskuti." Alicheka peke yake. "Mchimbaji hawezi kufanya kosa lile. Hata mlevi wao, kabla hajashika zebaki, anaficha dhahabu yake mdomoni."

Ghati hakucheka. Aliaga kwa adabu, akatoka, akasimama kwenye jua katikati ya barabara hadi mwendesha baiskeli akalazimika kumkwepa.

"Afande?" aliuliza Ignas.

"Haikuuzwa, kwa hiyo aliyeichukua hakutaka kuiuza. Kufuli ni zima, kwa hiyo alikuwa na ufunguo. Toroli liliishia panapoegeshwa gari. Ile karatasi inasema nini, Sajenti? Vitu vya sumu ndani ya majengo."

Ignas aliwaza. "Gari si jengo."

"Hatimaye," alisema Ghati, "kuna mtu amenijibu swali."

*

Walimkuta Kalisti palepale walipomwacha, chini ya karatasi yake ya manila. Ghati hakuketi.

"Fungua bandeji, Mkurugenzi."

"Afande, kidonda bado kibichi."

"Nimeona majeraha mabichi. Fungua."

Kalisti alifungua polepole. Chini ya bandeji hapakuwa na jeraha. Palikuwa na pete nene ya ndoa, nyeupe mithili ya bati jipya, isipokuwa upande mmoja ambako mstari mwembamba wa njano ulikuwa bado unajitetea.

"Kizibo cha chupa moja kililegea," alisema. "Nilivaa glavu. Ilitiririka, ikaingia ndani ya glavu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Sasa sauti yake ilipanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ilifanana na ya mtu. "Uliza makao makuu kwa nini! Niliwaandikia, zebaki imejaa, nipeni pa kuipeleka. Wakajibu kuwa bado wanajadili kiwango. Kisha wakaleta kiwango, nacho ni sifuri. Nikisema ipo, mradi unafungwa na wachimbaji wanarudi kwenye makarai. Nikisema haipo, sharti isiwepo. Nikaitoa Jumatatu jioni nikiwa na nia ya kuipeleka Kagongwa alfajiri, kwa binamu yangu. Mgeni akawahi kufika. Tangu usiku ule gari likawa lake."

"Na Donatus akapiga kelele."

"Mbele yake! Ikawa wizi. Wizi nao ni sifuri. Ningesema nini? Ukikwepa sifuri hii unakanyaga ile."

"Ungesema kweli."

"Nilikadiria, afande. Bibi Shaheen anaondoka Jumanne. Ningeirudisha, ningefuta shauri. Siku chache tu za mahabusu, na pengine dhamana. Nilikadiria kuwa hatari ni ndogo."

"Ndogo kwa nani?"

Kalisti aliiviringisha bandeji kiganjani. Ghati alielekeza kidole kwenye karatasi.

"Mmeandika hatari ya chini, ya kati na sifuri. Sijaona mlipoandika nani anaibeba."

Honi ililia langoni. Landkruza nyeupe iliyopakwa vumbi jekundu iliingia uani, na kutoka mlango wa nyuma akashuka mwanamke wa makamo mwenye miwani na mtandio, akinyoosha mgongo.

"Bwana Kalisti, benchi lenu lile la nyuma ni la mawe," alisema Bibi Shaheen. "Mbele nilimpa mama mgonjwa tuliyemwokota Mwakitolyo. Kila shimo, kitu kinagonga chini yangu, ngo, ngo, ngo." Aliwaona polisi. "Mwizi amepatikana?"

"Naomba usogee kidogo, mama," alisema Ghati.

Ignas alipanda ndani, akaondoa mto wa benchi, akainua ubao. Chini yake, kati ya jeki na kamba, zililala chupa mbili ndogo za chuma zilizofungwa kwa khanga. Alijaribu kuinua moja kwa mkono mmoja, akaiacha, akatumia miwili.

Bibi Shaheen alizitazama kwa muda. "Hizo ni nini?"

Salome, aliyesimama kizingitini, alimtazama Mkurugenzi wake, kisha akatazama viatu vyake.

"Mkurugenzi," alisema Ghati, "mgeni anauliza."

"Vifaa vya..." alianza Kalisti, akakoma. "Ni zebaki. Ilikuwa yetu. Nimeificha mimi."

"Tangu lini iko humu?" aliuliza mgeni.

"Tangu Jumatatu."

Bibi Shaheen alivua miwani. Alikuwa amelikalia benchi lile tangu Mwakitolyo, na njiani, kama Ignas alivyokuja kusimuliwa na dereva, alikuwa akimfafanulia yule mama mgonjwa kuwa shirika lililo makini hujua daima hatari zake ziko wapi. Aliifuta miwani kwa mtandio, akaivaa, akaingia ofisini kuitazama ile karatasi ya manila.

*

Kaunta ya kituo ni nyembamba, na watu wawili hawawezi kupita hapo bila kugusana. Donatus alikuwa akitolewa wakati Kalisti akiingizwa kuandikiwa shitaka la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Scolastika alisimama mlangoni na bakuli tupu.

Kalisti alikuwa mdogo kwa Donatus kwa umri wa mtoto na baba, lakini kwa muda wote wa kazi yao ni mzee aliyekuwa akitangulia kumsabahi bosi wake. Sasa Mkurugenzi aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee Donatus."

"Marahaba," alisema Donatus, akaendelea kupitisha mkanda kwenye vitanzi vya suruali, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Alipomaliza aliuliza, si kwa Kalisti bali kwa Inspekta, "Na mradi?"

"Hilo sijui, mzee wangu. Yule mama bado yuko ofisini kwenu. Anaandika upya ile karatasi."

Donatus alitikisa kichwa, akamfuata mkewe.

"Mkanda," askari wa zamu alimwambia Kalisti. "Saa. Pete."

"Sijawahi kuivua."

"Kila mtu huvua hapa."

Kalisti aliizungusha, akaivuta. Ilipopita fundo la kidole ilitoa sauti ndogo kama ya kijiti kikavu, na juu ya kaunta vikaanguka vipande viwili. Askari alivisogeza pamoja kwa kalamu, akaanza kuandika.

"Pete moja ya dhahabu," alisoma kwa sauti. Akasita. "Lakini afande, hii ni nyeupe. Na ni mbili. Niandike vipi?"

Inspekta Ghati alikuwa amekwisha kuufikia mlango. Aligeuka, na uchovu wote wa siku ile ulikuwa usoni mwake.

"Andika unachokiona," alisema.